Maisha yamepanda, na gharama zimepanda nayo



Sisi tunaokaa Rusizi, ile wazee wanaendelea kuita Cyangugu, kila usiku tunaona taa za Bukavu ng'ambo ya ziwa. Taa zile ziko na historia. Bwawa la Ruzizi I lilijengwa wakati wa Wabelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II ilianza kazi 1989, ikigawia Kongo, Rwanda na Burundi. Zamani taa ilikuwa ya mzungu na ya kiwanda. Leo nyumba isiyo na taa inaleta aibu, na mita inakula franga mbele ya sufuria.

Tuangalie na bati. Kufikia 2011 Rwanda ilikuwa kwenye kampeni ya kumaliza nyakatsi, yaani nyumba za nyasi. Bati ni zuri, hatubishi. Lakini nyasi ilikatwa bure. Bati linanunuliwa, na misumari pia. Kuna familia, hasa za Watwa, zilizobomolewa nyasi kabla bati halijafika.

Upande wetu wakimbizi, mwaka 2014 PAM ilianza kutoa pesa badala ya chakula katika kambi ya Gihembe. Watu walifurahi, maana mtu anajichagulia mwenyewe. Ila bei ikipanda sokoni, kilo ya mahindi inabaki kilo; noti ndiyo inapungua nguvu. Toka Mei 2021 familia ziligawanywa makundi matatu, na lile lililohesabiwa kuwa linajiweza likaacha kupata msaada wa chakula.

Mwenzetu mmoja alikopa anunue simu ya kugusa, kwa sababu matangazo ya kazi na masomo yanapita WhatsApp. Deni alililipa kwa kula mara moja kwa siku. Sisi tulimcheka, eti anapenda sifa. Tulikosea.

Kitu kinaanza kama anasa, kinageuka lazima, na asiye nacho anabaki nje. Hatusemi turudi kwa koroboi. Tunaomba wanaopima mahitaji yetu wahesabu na bando pia. Na sisi tuache kuchekana. Kabla ya kukopa tuulizane: hiki kinafungua mlango, ao kinafunika aibu tu?