Habari za Botswana, Nchi ya Baraza

Tukiitazama ramani ya Afrika upande wa kusini, twaiona Botswana imezungukwa na nchi nyingine pande zote, haina pwani wala bandari. Kwa ukubwa yakaribia kuwa sawa na Kenya. Lakini Wakenya walipohesabiwa mwaka 2019 walipita milioni 47, na watu wote wa Botswana hawafiki milioni 3. Sababu yake si ngumu kuijua. Sehemu kubwa ya nchi ni jangwa la Kalahari, mchanga na majani makavu, na hata mto Okavango, utokao Angola na maji tele, haufiki baharini bali hupotea mchangani. Basi si ajabu kwamba fedha yao yaitwa pula, maana yake mvua, na mtu amalizapo kusema mbele ya mkutano watu humwitikia, "Pula!"

Lugha yao ni Kitswana, nayo ni ndugu wa Kiswahili. Sisi twasema mtu na watu, wao husema motho na batho. Makabila ya Watswana ni mengi, kama Wakwena, Wangwaketse na Wangwato. Pamoja nao wako Wakalanga, na Wasarwa wawindaji, ambao ndio waliotangulia wote katika nchi.

Kila kijiji kikubwa kina kgotla, ndilo baraza, uwanja uliozungushiwa magogo karibu na nyumba ya mfalme. Huko huamuliwa kesi na mashauri yote ya kabila. Mfalme, ambaye kwao huitwa kgosi, husikiliza watu kwanza na kusema mwisho. Methali yao yanena, Kgosi ke kgosi ka morafe, yaani mfalme ni mfalme kwa ajili ya watu wake. Lakini tusidhani lilikuwa baraza la malaika. Zamani wanawake hawakusema humo, na Wasarwa waliokuwa watumishi wa wenye ng'ombe hawakuulizwa neno.

Injili iliwafikia mapema. Livingstone, yule ambaye maiti yake ilifikishwa Bagamoyo mwaka 1874, alikaa kwa Wakwena, akambatiza mfalme wao Sechele mwaka 1848. Khama wa Wangwato naye alikuwa Mkristo, akapiga marufuku pombe katika nchi yake, hata wafanya biashara Wazungu hawakuruhusiwa kuiuza.

Mwaka 1885 Waingereza waliiweka nchi hii chini ya ulinzi wao. Haikupita miaka 10, Cecil Rhodes akataka ikabidhiwe kampuni yake. Wafalme wale walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao: mwaka 1893 kampuni hiyo ilimpiga Lobengula, jirani yao, na watu wake wakanyang'anywa ardhi na ng'ombe. Basi mwaka 1895 Khama, Sebele na Bathoen walipanda meli kwenda Uingereza pamoja na mmisionari Willoughby. Waziri Chamberlain aliwaambia wapatane na kampuni, kisha akaenda likizo. Wao hawakukaa kumngoja. Walizunguka mji hata mji, wakinena makanisani na kumbini, wakisema kwamba kampuni italeta pombe na kuichukua ardhi. Watu wengi wa makanisa wakaiandikia Serikali kuwatetea. Waziri aliporudi alikuta shauri limegeuka. Akakubali wabaki chini ya Malkia, naye Malkia Victoria akawapokea Windsor mwezi wa Novemba. Hawakupata yote. Iliwapasa kutoa kipande cha ardhi kwa njia ya reli, na kukubali kodi. Hata hivyo sehemu kubwa ya ardhi ilibaki mikononi mwao, na hili twaliona kuwa jambo kuu katika habari zao zote.

Mjukuu wa Khama huyo ni Seretse. Akisoma Uingereza, mwaka 1948 alimwoa Ruth Williams, mwanamke wa Kiingereza. Baba yake mdogo Tshekedi, aliyekuwa akishika utawala kwa niaba yake, alikasirika sana. Shauri lililetwa barazani Serowe mara tatu. Mara ya kwanza watu walimkataa mke huyo. Lakini Juni 1949, baada ya siku za maneno mengi, walio wengi wakasimama upande wa Seretse. Laiti yangeishia hapo! Serikali ya Uingereza iliogopa kuwaudhi Makaburu wa Afrika ya Kusini, waliochukia ndoa za namna hiyo. Mwaka 1950 ikamwita Seretse London, kisha ikamkataza kurudi kwao. Alikaa uhamishoni hata 1956, akarudi baada ya kuuacha ufalme.

Aliyenyimwa kiti cha kabila alipewa kiti cha nchi nzima. Botswana ilijitawala tarehe 30 Septemba 1966, na Seretse akawa Rais wa kwanza. Ilikuwa nchi maskini, yenye kama kilometa 12 tu za barabara ya lami. Mwaka uliofuata almasi zilionekana Orapa, katika ardhi ya Wangwato, kabila lake mwenyewe. Na mwaka huo huo sheria iliyafanya madini kuwa mali ya taifa zima. Twajiuliza ni wangapi wangekubali hivyo. Almasi hizo zilijenga shule, barabara na hospitali.

Siku hizi watu huchagua wabunge kila miaka 5, na chama kipatacho zaidi ya nusu ya viti ndicho kitoacho Rais, naye hatawali zaidi ya miaka 10. Wafalme wana baraza lao, Ntlo ya Dikgosi, la kutoa mashauri tu. Mwaka 2003 Walete walimsimika mwanamke, Mosadi Seboko. Na neno mosadi lenyewe maana yake ni mwanamke. Chama cha Seretse kilitawala miaka 58. Katika uchaguzi wa Oktoba 2024 kilipata viti 4 tu kati ya 61, na Rais Masisi akakubali kushindwa. Duma Boko akaapishwa pasipo vita.

Wasarwa, hata hivyo, walisikiwa kwa shida. Mwaka 1997 na tena 2002 Serikali iliwahamisha kutoka hifadhi ya Kalahari ya Kati, na pampu ya kisima chao ikaondolewa. Walikwenda mahakamani. Desemba 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba waliondolewa kinyume cha sheria. Wengine wakarudi, lakini maji hawakuwa nayo. Mwaka 2010 waliyadai, wakashindwa. Wakakata rufani, na Januari 2011 majaji wakawapa haki ya kukitumia kisima kile cha zamani, na kuchimba vingine, kwa gharama yao wenyewe.