Kicheko cha Bungeni

Hansard ya Bunge la Kenya ina tabia moja ambayo mtu anayejifunza kuandika riwaya hawezi kuipita hivi hivi. Mbunge akisema jambo la kuchekesha, mwandishi wa Hansard huandika ndani ya mabano kwamba kulikuwa na kicheko, kisha anaendelea na hotuba. Hasemi nani kacheka, nani kanyamaza, nani kainama akijifanya anatafuta karatasi chini ya meza. Neno moja tu, basi.

Nimekuwa nikiliwaza neno hilo tangu nilipoanza kusoma habari za tarehe 8 Novemba 1989. Siku hiyo wabunge waliweka kando shughuli zao, wakatumia kama dakika 45 kumjadili mwanamke mmoja ambaye hakuwemo humo ndani na hangeweza kuwajibu. Mwanamke huyo ni Wangari Maathai. Kosa lake? Alikuwa ameandika barua.

Tueleze kisa. Chama tawala cha KANU, pamoja na tajiri wa magazeti wa Uingereza aitwaye Robert Maxwell, kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katikati ya Uhuru Park, na mbele yake sanamu kubwa ya Rais Moi. Gharama ilitajwa kuwa dola milioni 200 hivi, pesa za kukopa. Wanaoijua Nairobi wanajua Uhuru Park ni nini kwa mtu asiye na kitu: nyasi za bure, kivuli cha bure, mahali pa kulala saa ya chakula wakati huna pesa ya chakula chenyewe. Maathai alianza kuandika barua mnamo Oktoba, akiuliza: bustani hii ni ya nani, na deni hili litalipwa na nani?

Sasa, ungetarajia wabunge wabishane juu ya deni. Au juu ya bustani. La hasha! Walichokizungumza ni talaka yake. Shirika lake la Green Belt, ambalo tangu 1977 lilikuwa likiwalipa akina mama vijijini kwa kila mche ulioshika, wakaliita la uongo, wakasema ni kundi la wanawake walioachika. Na watu wakacheka. Hoja ilikuwa ghorofa 60. Jibu likawa ndoa ya mtu.

Hiyo talaka nayo ina historia yake. Maathai alipata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Mumewe alikuwa mbunge wa Lang'ata. Kesi yao ilipokwisha mwaka 1979, mama huyo alisema katika mahojiano ya gazeti kwamba hakimu aliyetoa hukumu kama ile lazima awe hajui kazi au amehongwa. Akahukumiwa miezi sita kwa kuidharau mahakama, akakaa ndani siku tatu. Kisha mume akataka aache kutumia jina lake, Mathai. Yeye akaongeza herufi moja, a, ikawa Maathai. Mimi naona katika majibu yote yaliyowahi kutolewa na mwanamke nchini hili ndilo fupi kuliko yote, na limekaa kwenye kila kitabu alichoandika.

Basi tungoje aseme nini juu ya kicheko cha Bungeni. Wakati huo mwandishi wa gazeti akienda kumwuliza mtu kama yeye, wengi wangetarajia machozi au kuomba msamaha. Alichosema kwa ufupi ni kwamba amechoka na wanaume ambao wakibanwa na mwanamke kwa hoja hukimbilia kujikagua chini ya mkanda ili wahakikishe kwamba bado ni wanaume. Yeye, alisema, jambo analolizungumza linahitaji kiungo kilichoko juu ya shingo. Utamu wa jibu hili unaupata ukijua kazi aliyokuwa akiifanya chuoni: kufundisha anatomia ya wanyama! Mwalimu wa viungo aliwaonyesha wabunge kiungo walichokisahau. Hakutukana. Aliirudisha hoja mahali pake, na akafanya hivyo kwa elimu ile ile waliyomchekea.

Lakini tusidanganyane. Jibu zuri halikumwokoa. Tarehe 12 Desemba mwaka huo huo, siku ya Jamhuri, Rais Moi alisimama papo hapo Uhuru Park akasema kwa mila za Kiafrika mwanamke huheshimu mwanamume na kunyamaza, na kwamba wapinzani wa jumba wana wadudu kichwani. Kesi ya Maathai ilikuwa imetupwa siku moja kabla. Green Belt ikapewa saa 24 kuhama ofisi ya serikali, ikahamia nyumbani kwake South C, mafaili mpaka kwenye vyumba. Hata viongozi wa Maendeleo ya Wanawake, ambayo wakati huo ilikuwa imeunganishwa na KANU, walimshutumu. Jumba lenyewe lilipunguzwa, likapunguzwa, halafu likaachwa. Mapema mwaka 1992 ua uliozungushiwa kiwanja ukang'olewa. Pesa za wageni zilikuwa zimeogopa kelele.

Kuna mtu mmoja katika Bunge hilo la 1989 ambaye ananisumbua zaidi kuliko wacheshi wote. Grace Ogot. Sisi tunaoandika tunamjua: riwaya yake The Promised Land ilitoka mwaka 1966, wakati ambapo wanawake wa Afrika Mashariki waliochapisha riwaya walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Alikuwa mbunge wa Gem na waziri msaidizi. Wanawake waliochaguliwa mwaka 1988 walikuwa yeye na Agnes Ndetei wa Kibwezi, basi. Watu wawili katika ukumbi uliojaa wanaume, chama kimoja, na mtu alifukuzwa chamani kwa neno moja. Ni rahisi kwangu leo kusema mwanamke anapaswa kusimama na kujibu. Nani alikuwa amsimamie akisimama? Siku moja nitaandika hadithi fupi ya mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha aina hiyo, jina nitalibadilisha, na sitamlazimisha aseme kitu.

Watu wakibanwa husema: ah, utani tu. Hapo ndipo ninapokasirika kama mtu wa lugha. Utani si neno la kuchezea. Wanyamwezi na makabila waliyokutana nayo njiani wakati wa misafara walitaniana, na wanataniana hadi leo, hata msibani. Lakini utani una sheria. Mtani wako naye anakutania. Akikunyang'anya kofia leo, kesho unamnyang'anya kuku. Hakuna mtani mkubwa na mtani mdogo. Sasa niambie, mbunge anayemcheka mtu asiyekuwemo ukumbini ana utani gani naye? Na bosi anayemtania karani, karani akirudisha ataambiwa hana adabu. Huo si utani, bana. Tuutafutie jina lake: dhihaka.

Nafanya kazi ya kuandika risiti katika duka la vifaa vya ujenzi, na dhihaka zetu ni za bei rahisi. Wateja hawaji kununua saruji, wanakuja kuniona. Msichana na misumari wapi na wapi. Nimejaribu njia ya kuuliza kwa upole, "Sijaelewa, hebu nieleze inachekesha wapi?" Jamaa mmoja alianza kueleza, akafika katikati, akaanza kutoka jasho. Wiki iliyofuata nikamwuliza mwingine swali lile lile, akaeleza mwanzo hadi mwisho bila haya, kwa ufasaha kabisa, na duka zima likaangua kicheko. Kwa hiyo sikuuzii dawa hapa.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu watu hudhani mzaha ni maneno tu, yanapita. Bunge la kwanza baada ya Uhuru, 1963, halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Bunge hilo ndilo lililofuta mwaka 1969 sheria ya 1959 iliyomruhusu mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto pesa za malezi. Sababu? Eti wasichana wanaifanya biashara. Mwisho wa mwaka huo Grace Onyango, mwalimu na meya wa zamani wa Kisumu, akachaguliwa mbunge, wa kwanza, lakini sheria ilikuwa imeshakwenda. Mswada wa ndoa uliletwa mwaka 1976 ukaanguka, ukaletwa tena 1979 ukaanguka. Katika mjadala wa 1979 mbunge mmoja alilalamika kwamba kumpiga mke ili kumtia adabu ni desturi ya Kiafrika, na mswada ungewanyima waume hata kofi. Nadhani yeye hakuona kwamba anachekesha. Ila mzaha na sheria hapo vilikuwa vimelala kitanda kimoja.

Maathai aliingia Bunge lile lile mwaka 2003 kama mbunge wa Tetu, tena akapewa unaibu waziri wa mazingira. Mwaka uliofuata akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Ungefikiri ukumbi ulikuwa umejifunza. Aprili 2006 Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, alileta mswada wa makosa ya kijinsia. Bunge lilikuwa na viti 222 na wanawake hawakufika 20. Katika mjadala juu ya ubakaji, mbunge mmoja akasema wanawake wa Kiafrika wakikataa huwa wanamaanisha ndiyo. Watu wakacheka. Wabunge wanawake wakainuka, wakatoka nje.

Nilipokuwa shuleni nilisimuliwa kitendo hicho kama ushindi. Na kweli kilifika magazetini, na kicheko kile kikasikika nchi nzima kwa mara ya kwanza kama kitu cha aibu. Mswada ulipita Mei 31, lakini umenyofolewa: mume kumbaka mkewe kukatolewa, na kikaongezwa kifungu cha 38, kwamba atakayeonekana ametoa mashtaka ya uongo atapewa adhabu ile ile ambayo mshtakiwa angepata. Fikiria msichana wa miaka 17 akisomewa kifungu hicho kwenye kaunta ya polisi. Kilifutwa mwaka 2012, miaka sita baadaye.

Machi 2014 ikawa zamu ya sheria ya ndoa, ile ile iliyoanguka 1976 na 1979. Mswada ulikuwa na kifungu kwamba mume akitaka kuoa mwingine amshauri kwanza mke aliyepo. Wanaume wakakiondoa, usiku, kwa makelele na mizaha ya kuvuka vyama. Wanawake wakatoka nje tena. Safari hii waliobaki ndani walipiga kura wakaimaliza kazi, na Rais Uhuru Kenyatta akatia saini tarehe 29 Aprili, bila kifungu hicho.