Kufifia kwa Magulio ya Vipuri vya Motokaa za Kale

Kila chombo cha chuma huchakaa, lakini motokaa ya kale ina msiba wake wa peke yake, nao ni kwamba aliyeiunda aghalabu hayuko tena. Kiwanda cha Pierce-Arrow kilifungwa mwaka 1938. Jina la Packard, lililokuwa fahari ya matajiri wa Marekani, lilikoma mwaka 1958. Mwenye motokaa ya namna hiyo akivunjikiwa na gia hana kiwanda cha kukiandikia barua. Haja hiyo ndiyo iliyozaa magulio ambayo habari zake nakusudia kuzieleza hapa. Kufifia kwake ni jambo la kutazamwa na wanafunzi wa historia, maana pamoja na soko hilo yanaondoka maarifa mengi ambayo hayakupata kuandikwa.

Chama cha wapenzi wa motokaa za kale cha Marekani kiliundwa Philadelphia mwaka 1935. Miaka saba baadaye, vita vilipokuwa vikali, serikali ya nchi hiyo ilisimamisha uundaji wa motokaa za watu binafsi, na raia wakahimizwa kutoa vyuma vikuukuu viyeyushwe kwa ajili ya silaha. Motokaa nyingi za zamani ziliishia katika tanuri. Zilizosalia zikawa adimu, na vipuri vyake vikawa adimu zaidi, vimetawanyika katika mabanda ya wakulima na maghala ya mafundi.

Katikati ya miaka ya 1950 chama hicho kilianza kukutana kila msimu wa majani kupukutika huko Hershey, jimbo la Pennsylvania, mji uliojengwa kuzunguka kiwanda cha chokoleti cha Milton Hershey. Mkutano ulikuwa wa kuonyesha motokaa zilizotengenezwa vizuri. Lakini watu walikuja pia na masanduku ya vipuri wasivyovihitaji, wakitumaini kubadilishana na wenzao. Kilichokuwa pembeni ya mkutano kikawa kiini chake. Gulio lilienea katika viwanja vilivyopewa majina ya rangi, na kimoja kikaitwa Chokoleti. Hata likafikia kuhesabiwa kuwa na nafasi za kuuzia zipatazo 9,000. Mji wa Carlisle, ulio karibu, ulipata gulio lake mwaka 1974, nalo lilijali motokaa zilizoundwa baada ya vita. Huko Uingereza, Lord Montagu, aliyekuwa amefungua makumbusho ya motokaa nyumbani kwake Beaulieu mwaka 1952, alianzisha gulio la namna hiyo hiyo mwaka 1967.

Asiyepata kuliona gulio kama hilo hudhani kuwa lilikuwa duka kubwa lisilo na paa. Sivyo. Wanunuzi wenye bidii walifika kabla ya mapambazuko na kurunzi mkononi, wakati wauzaji walipokuwa wakishusha mizigo. Maturubai yalitandazwa chini, na juu yake vikapangwa kabureta, taa za shaba, vifuniko vya magurudumu, vibao vya namba na vitabu vya mafundi vilivyojaa grisi. Kabla viwanja vya Hershey havijawekwa lami, mvua ikinyesha vilikuwa matope matupu, na malori yalivutwa kwa matrekta. Hata hivyo watu hawakuondoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapo mithali hiyo ilikuwa kweli kwa maneno na kwa vitendo.

Lakini jambo la thamani kubwa zaidi katika viwanja vile lilikuwa mazungumzo. Kipuri kingi kilikuja gulioni bila jina. Mwana alirithi ghala la baba yake, akakuta ndani yake chuma asichokijua, akakiweka juu ya turubai pamoja na vingine. Mzee mmoja akipita alikiokota, akakigeuza, akapapasa tarakimu zilizochongwa ubavuni, kisha akasema ni cha motokaa gani na cha miaka gani. Naam, vitabu vilikuwapo. Tangu miaka ya 1930 wauza vyuma vya Marekani walikuwa na kitabu cha Hollander, kilichoonyesha ni kipuri gani cha motokaa moja kinachoingia katika nyingine. Lakini kitabu humfaa anayejua pa kuanzia. Asiyejua hata jina la kitu alichoshika alihitaji mtu wa kumwuliza, na gulio lilimpa watu mia.

Wengi husema kuwa intaneti ndiyo iliyoyaua magulio haya. Neno hilo lina kweli, lakini halikukamilika. Biashara ya mbali ilikuwapo tangu mwanzo: gazeti la matangazo la Hemmings lilianzishwa mwaka 1954, nalo halikudhuru magulio, bali liliyaletea watu. Mnada wa eBay, ulioanza mwaka 1995, ulikuwa na nguvu nyingine. Uliionyesha dunia nzima bei ya kila kitu. Muuzaji aliyejua kuwa taa yake inagombewa na watu wa nchi nyingi hakuona sababu ya kuipakia katika lori alfajiri. Vitu vyema vikabaki nyumbani vikiuzwa kwa picha, na uwanjani vikaja vilivyokataliwa. Mnunuzi aliyesafiri maili mia tatu akarudi mikono mitupu, mwaka wa pili hakuja. Na muuzaji alipoona wanunuzi wamepungua, naye akaacha. Hivyo gulio lilidhoofishwa na pande zote mbili, wala hakuna aliyekusudia kulidhoofisha.

Sababu nyingine zilisaidia. Vipuri vya motokaa zilizopendwa sana, kama Ford ya aina ya T, sasa huundwa upya na kuuzwa dukani. Maghala ya kale yamekwisha kupekuliwa. Gharama za safari na malazi zimepanda. Vijana hupenda motokaa za ujana wa baba zao, zenye visanduku vya elektroniki ambavyo havitambuliwi kwa kupapaswa. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, Hershey na Beaulieu zote hazikufanyika. Mikutano hiyo mikubwa imerudi na ingali hai. Madogo ya viwanja vya vijijini ndiyo yaliyoumia zaidi.

Haifai kulilaumu jambo jipya kwa upofu. Mtu akaaye Mombasa au Auckland hakuwa na njia ya kufika Pennsylvania kila Oktoba. Leo huweza kupata kipuri chake bila kuondoka kitini. Mgonjwa na maskini wa nauli wamepata mlango uliokuwa umefungwa. Faida hiyo ni kubwa, na mwandishi wa haki hana budi kuikiri.

Hata hivyo, soko jipya humjibu anayejua jina la kitu anachokitafuta. Chuma kisichojulikana hakitafutwi na mtu, na kisichotafutwi hatimaye hutupwa. Wazee waliojua kutambua kwa vidole wanapungua kila mwaka, na uwanja waliofundishia bila kujiita walimu unapungua nao. Kazi iliyobaki ni nyepesi kuisema. Vijana wa vyama hivyo wakae na wazee hao mbele ya masanduku yao, wafunge kibandiko juu ya kila chuma, na waandike jina lake, motokaa yake na mwaka wake. Kazi hiyo ianze wakati wazee wangali na macho ya kuona na sauti ya kujibu, maana baada yao hakuna kitabu kitakachoweza kuulizwa.