Miaka 150 ya ibada Masasi: ugomvi wa jando uliolikuza kanisa

Mwaka huu wa 2026 Masasi inatimiza miaka 150 tangu misheni ya Kianglikana ianze, na miaka 100 tangu ipate dayosisi yake. Kutoka Mtandi hadi vijiji vya Nachingwea, Mkotokuyana ikiwamo, na Ruangwa, historia hii ni yetu, si ya wamisionari peke yao.

Askofu Edward Steere alifika 1876 na watumwa walioachwa huru kutoka Unguja. Walikuwa wakielekea Ziwa Nyasa. Walipoiona Masasi, wakakaa. Wangoni waliivamia misheni 1882. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa, akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Mwaka 1905 vikaja Vita vya Maji Maji.

Lakini suala lililoligusa kanisa hadi ndani ya nyumba za waumini ni jando, kama alivyoonyesha mwanahistoria Terence Ranger mwaka 1972. Kijana asiyepita kumbini, hata awe amebatizwa, kwa wenzake alibaki mtoto. Akipelekwa jando la kienyeji, alikutana na matambiko na mafunzo ambayo mapadre waliyakataa. Wazazi wakabanwa kati ya wazee na padre.

William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi (1926 hadi 1944), hakupiga marufuku. Alisimamia jando la Kikristo: kumbi na tohara vikabaki, sala na baraka zikashika nafasi ya tambiko. Akalitetea katika insha yake ya 1928. Wapo waliohofu mila zingeimeza imani. Wapo wazee walioona wamenyang'anywa jando lao. Unyago wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, maana siri zake ni za wanawake.

Ugomvi huu una umri wa Ukristo wenyewe. Waumini wa kwanza Yerusalemu walisali hekaluni na kumega mkate majumbani. Watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, walipoingia, wakabishana juu ya tohara, kama inavyosimuliwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 15. Wao walikata shauri kwamba tohara isiwe sharti la wokovu. Masasi iliuliza kama mila ya wazee yaweza kutakaswa. Maswali mawili, mzizi mmoja.

Leo wavulana wengi hutahiriwa hospitalini, na waliopitia kumbi hizo wanazeeka bila kuhojiwa. Ni aibu. Dayosisi na shule zetu ziwahoji na kuandika sasa, kwa sababu imani ya Kusini ilijengwa na wazee hao pia, na wanastahili kutajwa katika sherehe hizi.