Kutoka kadi ya grafiki hadi chipu moja: mashine zetu za Kariakoo

Haya wadau, boom limeingia na najua wengi wenu wikiendi hii mnashuka Kariakoo kusaka laptopu ya mtumba. Kabla hujamkabidhi jamaa mkwanja wako, hebu soma hapa kidogo. Mimi ni mwalimu mtarajiwa wa historia, kwa hiyo mtanivumilia nikianzia mbali.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500, dude kubwa lililouzwa na kampuni ya Kiingereza. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Yaani mwaka 1975, lilipofunguliwa jengo la soko la Kariakoo alilolichora Beda Amuli, mashine ambazo leo zimepangwa madirishani mitaa ya jirani zilikuwa haziruhusiwi kuingia nchini. Mambo yamebadilika kweli.

Sasa tuingie ndani ya mashine yenyewe, maana nako kuna historia. Zamani kila kazi ilikuwa na chipu yake. Prosesa ya Intel 80386 ilikuwa na mwenzake pembeni, 80387, wa kupiga hesabu za desimali, na alinunuliwa kivyake. Mwaka 1989 ikatoka 80486 ikiwa imemmeza huyo mwenzake. Kampuni kama Cyrix, iliyokuwa inaishi kwa kuuza chipu za hesabu, ikabidi igeukie kutengeneza prosesa.

Grafiki nayo ikapita njia hiyohiyo, ila polepole. Kwanza ilikuwa kadi inayochomekwa. Mwaka 1999 Intel ikaleta seti ya chipu ya 810, grafiki ikahamia kwenye mazabodi. Mwaka 2006 AMD ikainunua ATI, watengenezaji wa kadi za grafiki, kwa dola bilioni 5.4 hivi, ikitaka kuiunganisha na prosesa. Ikachukua miaka! Januari 2010 Intel ikatangulia kwa kuweka vipande viwili chini ya kifuniko kimoja, na Januari 2011 ikatoa Sandy Bridge, kila kitu kwenye kipande kimoja. AMD nayo ikatoa za kwake mwaka huohuo.

Faida yake tunaijua sote hata bila kujua jina. Mashine inakuwa nyepesi, bei inashuka, chaji inakaa. Umeme ukikatika hosteli, mwenye kadi kubwa ya grafiki ndiye wa kwanza kuzima, teh teh.

Ila kuna jambo wauzaji hawalisemi. Kadi ya pembeni ina memori yake. Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina, inakula sinia moja na prosesa, yaani RAM ileile. Ndiyo maana unaambiwa GB 4, ukiwasha unakuta zinazotumika ni pungufu. Halafu, kwenye mashine nyingi, RAM ya kipande kimoja ni njia moja ya kupitisha data, vipande viwili ni njia mbili. Prosesa peke yake inaweza isione tofauti kubwa, lakini grafiki inaiona sana. Mtu analalamika video anayoihariri inakwamakwama, kumbe kipande cha pili cha RAM kingemsaidia bila kununua mashine nyingine.

Hapo ndipo ninapoangalia mbele kwa wasiwasi. Baada ya grafiki, sasa inayomezwa ni memori. Apple M1 ya mwaka 2020 ina RAM pembeni kabisa ya chipu, ndani ya kifuniko kimoja, huongezi kitu. Intel ikafanya hivyo kwenye Lunar Lake mwaka 2024. Ryzen AI Max ya AMD ya mwaka 2025 ina grafiki ya kutisha, lakini RAM imechomelewa. Na Septemba 2025 Nvidia, wafalme wa kadi za pembeni, wakatangaza kuweka dola bilioni 5 Intel, pamoja na mpango wa kutengeneza chipu za pamoja za kompyuta binafsi. Kwa maoni yangu kadi ya pembeni itabaki kwa wacheza gemu na wenye kazi nzito.

Mtumba hutufikia ukiwa umeshatumika miaka kadhaa huko ulikotoka. Maofisi ya Ulaya wanachonunua leo ndicho atakachokikuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza baadaye. Na sisi walimu tutapangiwa vituo mbali. Fundi wa kuchomeka RAM utampata hata wilayani, wa kung'oa chipu kwa hewa ya moto usitegemee. Nafuu ni kwamba Intel yenyewe ilisema mtindo wa Lunar Lake haitaurudia, na tangu Desemba 2023 kuna kiwango kipya kiitwacho CAMM2, memori nyembamba inayofungwa kwa skrubu. Natamani hicho ndicho kishinde.

Kwa wikiendi hii, mwombe muuzaji afungue mfuniko wa chini kabla hujalipa. Ukikuta nafasi mbili za RAM na moja iko wazi, hiyo anza kupatana bei.