Kale kapembetatu ka Blogspot kalitoka wapi?

Haya wadau, leo tupumzike kidogo na habari za bumu. Nataka tuongelee kapembetatu ambako kila msomaji wa blogu za Bongo amekabofya bila kukafikiria: kale ka pembeni, kwenye kumbukumbu za Blogspot, kalikokuja na Blogger mpya mwishoni mwa 2006. Unabofya mwaka, kapembetatu kanageuka kutazama chini, miezi inajimwaga. Unabofya tena, miezi inajificha. Ukurasa wenyewe haujaenda popote.

Mtasema ni jambo dogo. Muulizeni kaka au dada yeyote aliyekuwa anapanga Sinza miaka ile, iwe Kijiweni, Mori au Makaburini, akisoma intaneti kafe kwa kulipia dakika. Kabla mkonga wa SEACOM haujafika Dar Julai 2009, intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilipita kwenye setilaiti, na setilaiti za aina ile zinakaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ombi linapanda, linashuka; jibu linapanda, linashuka. Karibu nusu sekunde imeishia angani, na hapo hujahesabu mashine zote za kafe zinazogombania laini moja. Kila kubofya kulikoleta ukurasa upya kulikuwa kunakula hela. Kubofya kulikoishia ndani ya mashine uliyokalia, bure.

Ufundi huo lakini haukuzaliwa umekamilika. JavaScript aliiandika Brendan Eich pale Netscape Mei 1995, kwa siku kumi hivi. Ikaitwa Mocha, halafu LiveScript, na Desemba mwaka huohuo ikapewa jina tunalolijua. Mwanzoni ilikagua fomu na kufanya vikorokoro vingine. Aya iliyokwisha kuchorwa kwenye ukurasa haikuweza kuigusa. Vurugu zikaja 1997. Netscape 4 ilikuwa na document.layers, Internet Explorer 4 ikawa na document.all, na mwandishi wa ukurasa akawa anaandika mambo yaleyale mara mbili. Tena ile ya Netscape iliweza kuficha tu, haikuweza kupanga upya vilivyobaki.

Hapo wengi huchanganya, ngoja nipande daladala. visibility: hidden ni abiria wa Hiace aliyeinama ili trafiki asimwone: humwoni, ila nafasi yake anayo. display: none ni abiria aliyeshuka: waliobaki wanasogea. Miezi ya kwenye kumbukumbu ni lazima ishuke. Ikiinama tu, unabaki na pengo jeupe refu kama Barabara ya Shekilango.

Oktoba 1998 shirika la W3C likatoa kiwango cha DOM, getElementById ikawa njia ya wote, na ugomvi ukaanza kupoa brauza moja baada ya nyingine.

Sasa kitufe. Njia ya kizamani ilikuwa kuijaza JavaScript rangi na mipaka: ukifungua weka kijani, ukifunga rudisha kijivu. Ukibadili sura ya ukurasa unasaka rangi ndani ya msimbo mpaka usiku. Njia safi ni kubadili jina la klasi tu, sura ikabaki kazi ya CSS. Blogger ndivyo walivyofanya: mwaka uliofungwa unabeba klasi ya collapsed, uliofunguliwa expanded, na kapembetatu kanaongezewa toggle-open. Ila className ni mstari mmoja wa maneno. Ukijaribu kuondoa klasi ya "on" kwa replace, na neno la kwanza kwenye mstari ni "button", unabaki na "butt". Haya, chekeni.

John Resig alipoitoa jQuery Januari 2006 watu wakapata toggleClass, wakapumua. Brauza zenyewe zilichelewa: classList ilifika Firefox 3.6 mwaka 2010, na Internet Explorer 10 mwaka 2012.

Kitu kinachonikera kwenye kurasa nyingi za siku hizi ni kudhani kwamba kuficha ni kuokoa bando. Wapi! Maandishi yaliyo ndani ya paneli iliyofungwa yameshapakuliwa, na picha ya img kwa kawaida nayo imeshakuja. Umelipia usichokiona. Halafu kuna wenzetu wasioona, wanaosomewa ukurasa na programu. Rangi ya kitufe na kapembetatu kuinama haviwaambii kitu kama mwandishi hakuweka aria-expanded na kuibadilisha kila kitufe kinapobofywa. Kiwango hicho, WAI-ARIA 1.0, kilipitishwa Machi 2014, na bado kuna kurasa kibao ambazo kitufe kinabadilika rangi na kukaa kimya.

Siku hizi mambo mengi ya aina hii hayahitaji JavaScript kabisa. Kuna elementi ya details: Chrome wakaiweka 2011, Firefox 2016, Edge mpya Januari 2020. Unaandika summary, unaweka maelezo chini yake, basi. Kujifunga na kujifungua inajua yenyewe, hali yake inajitangaza, na kapembetatu inakuja nako.