Barafu Ndani ya Moyo: Kovu Linadumu kwa Muda Gani?

Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, waliwachunguza watu 45 wenye mpapatiko wa atria, maradhi yanayovuruga mapigo ya vyumba vya juu vya moyo. Karibu cheche zote za umeme zilizoanzisha vurugu zilitoka ndani ya vena zinazoleta damu kutoka mapafuni. Kazi ya madaktari ikawa kuizungushia kila vena pete ya kovu, maana kovu halipitishi umeme.

Mwanzoni walichoma kwa ncha ya katheta, nukta baada ya nukta. Wapasuaji walikuwa wakigandisha moyo tangu miaka ya 1970, lakini kwa kufungua kifua. Kampuni ya CryoCath ya Montreal, Kanada, ikaitia baridi hiyo kwenye puto linalopitishwa kwenye mshipa wa kinenani, kisha kujazwa gesi ya naitrasi oksidi. Likipoa hunata kwenye tishu kama vidole vilivyolowa kwenye friza, na duara zima huganda kwa pamoja. Marekani ililiruhusu mwishoni mwa 2010.

Puto lina hatari yake. Neva inayoendesha kiwambo cha kupumulia hupita jirani, na katika utafiti wa STOP AF uliochapishwa 2013, neva hiyo ilipooza katika asilimia 11.2 ya matibabu ya kugandisha, ingawa wengi walipona baadaye. Na kovu? Mahali ambapo tishu haikufa sawasawa, umeme hupata upenyo tena. Moto nao una kasoro hiyo: mwaka 2016, utafiti wa FIRE AND ICE wenye wagonjwa 762 ulikuta matibabu yameshindwa kwa asilimia 34.6 upande wa puto na 35.9 upande wa kuchoma.

Swali la matokeo baada ya miaka kadhaa lilipata jibu zuri zaidi Kanada. Katika utafiti wa EARLY-AF, watu 303 ambao hawakuwa wametibiwa kabla ama waligandishwa au walipewa vidonge vya kutuliza mapigo, na wote wakawekewa kifaa cha kurekodi chini ya ngozi. Baada ya miaka 3, mvurugiko ulikuwa umerudi kwa asilimia 56.5 ya waliogandishwa. Inasikitisha, mpaka ukumbuke kwamba tukio la sekunde 30 tu lilihesabiwa, na kwamba kwa wenye vidonge ilikuwa 77.2. Mimi naitazama zaidi takwimu nyingine: maradhi yaligeuka kuwa ya kudumu kwa asilimia 1.9 ya waliogandishwa, dhidi ya 7.4 ya waliotumia vidonge.